Kunja Uso Kama wa Nyumbani

Mimi sijawahi kuwa na mkwe. Mtoto wangu ni mmoja tu, binti, na hajaolewa. Lakini ukitembea na mimi barabarani utasikia watu wazima na ndevu zao wananiamkia, "Shikamoo, Mama Mkwe," na watoto wa shule wanahamia upande wa pili wa njia nisije nikawafokea. Jina hilo nimelipata jukwaani. Nimeigiza mama mkwe mwenye roho mbaya tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zenyewe bila msaada wa chupa, na nasema bila kujisifu, na hata nikijisifu ni haki yangu, hakuna aliyewahi kumtesa mke wa mwanawe vizuri kama mimi. Kuna mama mmoja aliwahi kupanda jukwaani na mwamvuli ili anichape. Siku ile nililia kwa furaha.

Mtaji wangu ulikuwa uso. Katikati ya nyusi zangu palikuwa na mikunjo miwili, imesimama wima kama nguzo za goli. Nimeirithi, hata marehemu bibi yangu alikuwa nayo, na miaka ya jukwaani ikaichimba zaidi. Sikuhitaji kukasirika ili ionekane. Wanaonijua wanasema hata nikiwa usingizini naonekana nagombana na mtu. Nikichagua nyanya sokoni, muuzaji anaanza kujitetea kabla sijauliza bei. Sikuwahi kulalamika, maana uso ule umenilisha, umenivisha na umemsomesha mwanangu mpaka akawa daktari.

Basi ikaja tamthilia ya televisheni. Mwongozaji wake ni yule tunayemwita Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno lake kuu. Unaweza kuigiza mpaka wabeba taa wakafuta machozi, yeye atakohoa na kusema, "Rudia." Alinipa hadithi yote niisome. Kulikuwa na mama mkwe humo, bila shaka, kakaa mahali pangu ananisubiri. Lakini kulikuwa na mama mwingine, mama hasa, ambaye kijana wake wa pekee anagongwa na gari. Na yule mama anajikaza, anatoka kwake, anakwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa dereva, anabisha hodi, na anachomwambia ni kwamba amechoka, apewe maji ya kunywa. Hapo ndipo anapomsamehe. Neno "samahani" wala "nimekusamehe" halitamkwi popote, ni maji tu. Nilisoma sehemu ile jikoni, nimesimama na mwiko mkononi, na mboga zikaungua.

Nilimfuata Rudia kesho yake nikamwambia namtaka yule mama.

Alijikuna kidevu. "Dada yangu," akasema, "kuigiza unaweza, hilo halina ubishi. Lakini kamera si jukwaa. Kamera inakuja mpaka hapa." Akaweka kiganja chake mbele ya pua yangu. "Na sura yako ikitulia haina msamaha. Mtazamaji ataona umekwenda kwa yule dereva kumsomea mashtaka."

"Hiyo sura si ndiyo mliyokuwa mkiisifu?"

"Na bado naisifu. Ndiyo maana nakupa mama mkwe." Akaniona nimenywea, akaongeza, "Majaribio ni mwisho wa mwezi ujao. Njoo, sikunyimi. Ila sikudanganyi."

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya kioo, nikayaita machozi yakaja. Machozi yalitiririka vizuri kabisa, lakini juu yake nyusi zilikuwa bado zinafoka. Rudia alikuwa amesema kweli, na ukweli ule uliniuma. Katika kazi yetu mwanamke wa umri wangu anapewa kimoja kati ya vitatu: mama mkwe, mchawi, au maiti. Nafasi ya mama kama yule haiji mara mbili. Nikasema potelea mbali, nitapiga botoksi, ile sindano ya kulainisha mikunjo.

Sasa hapo lazima niwaeleze habari za mwanangu. Waswahili wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi alipozaliwa nilikaa nikisubiri meno yaote. Nilimpandisha jukwaani angali mdogo, aseme sentensi moja tu: "Mama, chakula tayari." Akawapa watu mgongo, akauambia ukuta. Nilijaribu tena alipokua kidogo, akasahau hata ile "Mama". Na uongo hajui kabisa. Akilamba sukari ya kukatazwa, mashavu yanamsema kabla ya mdomo. Nikakubali yaishe, kwamba nyoka mimi nimeangua kifaranga. Akaenda zake kusomea udaktari, na katika udaktari akachagua ngozi. Watu wakinipongeza nilikuwa naitikia, "Asante, asante," lakini moyoni nilitaka mrithi. Mimi najivunia jambo moja kuliko yote, kwamba sidanganywi. Mtu akiigiza mbele yangu nitamjua hata akiwa amenipa kisogo. Nilitaka kumwachia mtu jicho hilo.

Nilipomwambia nataka sindano, hakucheka. Alivuta kiti.

"Kwa nini, mama?"

Nikamsimulia yote, mpaka na mboga zilizoungua. Akasema, "Sawa. Lakini sikuchomi mimi. Pale kwetu ni mwiko kumtibu ndugu. Huruma ikiingia mkononi, mkono unakosea. Atakuchoma daktari mkuu, mimi nitasimama pembeni."

"Nitaganda uso?"

"Nani kakwambia?"

Alijua nani kaniambia. Kundi zima lilikuwa linanisema: utakuwa sanamu, utalia kama kinyago, angalia yaliyompata Mapozi. Mapozi ni mwenzangu kwenye kundi, mdogo kwangu, anapenda kupigwa picha kuliko kula. Nikiugua, yeye ndiye anayeshika nafasi yangu ya mama mkwe. Tunapendana, kwa umbali. Mwaka mmoja kabla ya haya alikwenda chumba cha nyuma cha saluni fulani, ambako mtu asiyejulikana alisomea wapi alikuwa anakuja na kibegi. Alichomwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, kwa dawa iliyotoka kwenye kichupa kisicho na jina, kisha wakamlaza kichwa nyuma papo hapo, wakamwosha na kumkanda paji la uso. Siku chache baadaye kope la jicho moja likashuka kama mlango wa duka uliofungwa nusu. Tulimwigizisha na miwani ya jua, ndani ya nyumba, usiku, kwenye hadithi ambayo hata umeme hakuna.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa mwanangu. Mwanangu hakumcheka wala hakumkaripia. Alimuuliza kama anameza vizuri, kama anaona vitu viwili viwili, kama pumzi inakuja sawasawa. Alipojiridhisha akampa matone ya jicho, akamwambia, "Litapanda lenyewe, dada, ila kwa wakati wake. Na siku nyingine uliza kwanza kilichomo kwenye chupa na aliyeshika sindano." Jicho lilipanda. Lakini hofu ilibaki kwenye kundi, na kwangu pia, siwezi kusema uongo. Hofu hiyo ilinikalisha nyumbani siku nyingi nikijizungusha, leo nina mafua, kesho nina wageni, mpaka majaribio yakakaribia kweli na mwanangu akaja kunichukua mwenyewe.

Chumba chao ni kidogo na kinanukia spiriti. Kuna kiti kinacholala nusu, taa yenye shingo ndefu, sinia ya chuma yenye pamba, kioo cha kushika mkononi, na jokofu dogo lenye kipimajoto mlangoni. Daktari mkuu ni mzee mwembamba, wauguzi wanamwita Taratibu, ila si mbele yake. Hata kukaa anakaa taratibu.

Alianza na maswali. Je, nina ugonjwa wowote wa misuli kulegea? Kumeza kunanisumbua? Natumia dawa gani, hasa za kufanya damu iwe nyepesi? Nina jipu au kidonda chochote usoni? Nimewahi kuchomwa dawa hii ikanidhuru? Nina mimba? Kwenye mimba Mama Mkwe alikuwa na jibu lake tayari, nalo lilikuwa zuri, lakini mwanangu alinitazama. Nikasema, "Hapana, Daktari," kwa adabu.

"Vizuri. Sasa nikwambie mapema usije ukaisikia kwa wengine," akasema Taratibu. "Hii asili yake ni sumu. Inatengenezwa na kijidudu. Ikiwa nyingi, inaua. Sisi tunatumia tone la tone lake, linakwenda kwenye msuli uliokaza, msuli unapumzika. Baada ya miezi mitatu, minne, nguvu inaisha na msuli unarudi kazini."

"Na ikienda pasipo pake?"

"Ndiyo maana tunaupima uso kabla ya kupima dawa."

Jibu hilo nililipenda. Nikamwambia nami langu. "Daktari, paji la uso niachie. Mwigizaji asiyeweza kushangaa atakufa njaa." Akasema paji hataligusa, atachoma katikati ya nyusi tu, tena kidogo, na ikionekana haitoshi ataongeza baadaye. Kupunguza ndiko kusikowezekana. Nikamwona ni mtu.

Akachukua kalamu nyeupe, akavuta taa. "Kunja uso, mama."

Nyie, mimi nikiambiwa kunja uso sikunji hivi hivi kama mtu aliyeingiwa na moshi. Nilivuta pumzi nikampa uso wa mama mkwe aliyefika asubuhi kwa mwanawe na kukuta mke bado amelala. Nyusi ya kushoto juu, ya kulia chini, kidevu mbele.

"Loo," akasema Taratibu. "Una misuli yenye nguvu kweli. Tena."

Nikampa tena, uleule, bila kupungua hata unywele. Kuirudia sura vilevile ndiyo kazi yangu. Mzee alifurahi, akainama, ncha ya kalamu ikawa inakuja.

"Daktari, samahani," akasema mwanangu kutoka kwenye sinia. "Huyo anaigiza."

Kalamu ikasimama hewani. "Anaigiza nini?"

"Kukunja uso. Huo si uso wake, ni wa jukwaani. Anapandisha nyusi ya kushoto ili watu wa viti vya nyuma waione. Nyumbani haipandi. Zote mbili zinaingia katikati na kushuka, na ya kulia inavuta zaidi. Ukiweka alama hapo utaupumzisha msuli wa kazini na kuuacha wa nyumbani, na wa nyumbani ndio unaochora ile mikunjo."

Nilitamani ardhi ipasuke imeze mtu, ila sikujua imeze nani kati yetu. Mtoto niliyemzaa ananiumbua mbele ya bosi wake. "Mimi nimeambiwa nikunje, nimekunja," nikasema.

Taratibu hakukasirika. Alinitazama kwa makini, akamtazama binti yangu, akairudisha kalamu nyuma. "Amesema kweli. Mikunjo yako imesimama katikati, na misuli uliyonionyesha inavuta pembeni. Mama, kunja kama wa nyumbani."

Nikajaribu. Jamani, nilijaribu. Lakini kuambiwa ukunje uso kama wa nyumbani ni sawa na kuambiwa utembee kama unavyotembea siku zote, miguu yote inageuka kuwa ya kushoto. Nilitoa uso wa mjane. Nikatoa wa mwenye nyumba anayedai chumba chake. Nikatoa wa shangazi aliyenyimwa nyama. Kila nilichotoa mwanangu anatikisa kichwa. Maisha yangu yote nimeuvaa uso ule, na siku niliyouhitaji sikujua nimeuweka wapi.

Taratibu akafunika kalamu yake. "Basi tuahirishe. Sichomi uso nisioujua."

"Majaribio yangu—"

"Najua. Na dawa inataka mpaka wiki mbili kutulia. Mimi kesho nasafiri. Nikirudi, kwa jambo lako itakuwa imechelewa. Pole sana, mama, lakini afadhali ukose nafasi kuliko ukose jicho."

Nikamwona yule mama wa hadithi anaondoka na kikombe chake cha maji, na yule mwingine, mama mkwe, anakaa vizuri kwenye kiti chake kunisubiri. Machozi yalinijia, ya kweli haya, sikuyaita.

"Daktari," akasema mwanangu, "nipe dakika moja. Kalamu yako iwe tayari."

Akavuta kile kigoda chenye magurudumu, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, ule usioficha kitu. Akainama kidogo, akajifuta mikono kwenye koti.

"Mama, kuna jambo nimekuficha."

"Jambo gani?"

"Ile wiki uliyopotewa na sauti, Mapozi akashika nafasi yako. Mimi nilikwenda kutazama."

"Hukuniambia."

"Sikutaka kukuumiza." Akameza mate. "Mama, yule anaigiza Mama Mkwe kuliko wewe."

Nilihisi joto linapanda kutoka visiginoni. Ni kweli nilikuwa nimekwenda pale ili kumkimbia Mama Mkwe. Lakini kumkimbia mimi ni shauri langu, na kunyang'anywa na Mapozi ni shauri jingine kabisa. Mapozi, anayeshika ufagio kama anashika maua.

"Watu walicheka mpaka mwisho," akaendelea, kwa upole ambao ndio uliozidi kuniua. "Hasa ile sehemu ya sufuria."

"Ile sehemu ya sufuria," nikasema, "niliibuni mimi."

"Usitikisike, mama, hivyohivyo," ikasema sauti ya Taratibu, na nikasikia ncha baridi ya kalamu inanigusa katikati, kisha huku, kisha huku. Mzee yule niliyemwona mzito alikuwa na mkono mwepesi kama wa kinyozi. "Nimepata. Huu hapa. Huu ndio wenyewe."

Mwanangu alishusha pumzi akarudi kwenye sinia yake.

Mengine yalikwenda haraka. Taratibu alifungua kiboksi mbele ya macho yangu, akanionyesha jina la dawa na tarehe ya mwisho, akachanganya, akavuta. Sindano yenyewe ni kama kung'atwa na sisimizi, na kabla hasira yangu haijafika mwisho kazi ilikuwa imekwisha. Akaniambia nisipasugue wala kupakanda, nisijilaze kwa saa kadhaa, nisijifunge kitambaa cha kubana siku ile, na mazoezi yasubiri kesho. Nikiona kumeza kunakuwa kugumu, au maneno yanaburuta, au pumzi inakwama, nisiwasubiri wao, nikimbilie hospitali iliyo karibu. Na nisitegemee kuamka kesho nikiwa mwari. Mwanangu akanipa pamba. Niliipokea bila kumtazama.

Sikumsemesha siku kadhaa. Kila jioni akitoka kazini alipita kwangu, ananisalimu, naitikia kwa pua. Anasema, "Kunja uso, mama." Kumkunjia yeye wala hakukunipa taabu. Siku za kwanza nguzo za goli zilisimama kama kawaida. Kisha jioni moja nilimkunjia kwa moyo wangu wote, akasogea karibu, akanitazama katikati ya nyusi kama fundi saa, akatabasamu. "Imeanza," akasema. Nikaenda kwenye kioo. Nilikuwa nimekasirika kweli, hasira yote ipo kifuani, lakini mlango wake wa kutokea ulikuwa umeegeshwa.

Wiki ile muuzaji wa nyanya alinisalimia kwanza, akaniongezea moja. Mtoto mmoja wa shule alinipita karibu kabisa, akaniamkia, wala hakuhama njia. Nilifika nyumbani nikajitazama. Sikuwa msichana na wala sikuomba kuwa. Mistari ya pembeni mwa macho ilikuwepo, ya kucheka ilikuwepo, paji lilipanda na kushuka nilipotaka. Nilikuwa mimi, siku ambayo hakuna aliyeniudhi.

Taratibu aliporudi safari alinipima. Macho yako sawa, nyusi ziko sawa. "Nishangae," nikashangaa. "Cheka," nikacheka. Nikamuuliza kama hataongeza kidogo, kwa kuwa tayari nipo kwenye kiti. Akasema hapana, pakitosha mtu anaacha. Mwanangu, kule kwenye sinia, alikuwa ananitazama. Nilitaka kumwambia neno zuri, nikakumbuka sufuria, nikachukua mkoba wangu.

Siku ya majaribio wanawake wenzangu walikuwa wamejaa kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja ananong'ona maneno ya yule mama. Mapozi naye alikuja, si kwa majaribio, alikuja kunishika mkono, na nilimwachia vidole viwili. Mwanangu aliomba ruhusa kazini akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Niliitwa. Kamera ikaja mpaka pale Rudia alipoonyesha kwa kiganja, karibu na pua. Mbele yangu aliketi kijana aliyeigiza dereva. Mimi nabisha hodi, yeye anafungua, ananitambua, anaanza kutetemeka. Na mimi nifanye nini sasa? Nilimtazama yule kijana nikatafuta ndani yangu ni nani aliyewahi kuniumiza ambaye bado nampenda. Sikutafuta mbali. Nilimwona mwanangu juu ya kigoda chenye magurudumu, anajifuta mikono kwenye koti, ananiambia ukweli mchungu kwa sababu nilihitaji. Nikajiuliza, huyu mtoto amenikosea nini? Kusema kwamba mwenzangu ananipita? Basi anipite. Mimi nitazeeka, Mapozi atamchukua Mama Mkwe, na huyu aliyenyooka hivi, asiyeweza hata kumdanganya mama yake, atabaki kuwa wangu. Kitu kikalegea kifuani, na safari hii uso haukukipinga. Nilikihisi kinapanda mpaka machoni na kutoka nje.

"Mwanangu," nikamwambia dereva, "nimetembea, nimechoka. Nipe maji ya kunywa."

Nilisubiri kile kikohozi cha Rudia. Hakikuja. Mbeba taa alikuwa ameinamisha kichwa.

Baadaye sana Rudia akasema, "Sasa nipe hasira. Pale anaposikia breki barabarani, kabla hajajua ni mwanawe." Nikajua ananipima kama nimeganda. Nikampa kwa pua, kwa shingo, kwa paji, kwa namna nilivyoshika khanga. Mikunjo miwili haikuonekana na wala hakuna aliyeikumbuka. Kumbe miaka yote ile mikunjo ilikuwa inanisaidia kazi ambayo ningeweza kuifanya peke yangu.

"Imepita," akasema Rudia. Watu waliofanya naye kazi miaka mingi waligeuka kumtazama. "Yule mama ni wako, dada yangu."

Mwanangu nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, macho mekundu. Nikaketi kando yake. Nilikuwa na furaha ya kutosha kugawa.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

"Kwa lipi, mama?"

"La Mapozi. Ulisema ulichokiona. Nimelimeza, limeshuka."

Alinitazama, midomo ikaanza kumcheza. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa ngazi, mpaka mlinzi akachungulia.

"Mama, mimi sijawahi kumwona Mapozi jukwaani hata siku moja. Ile wiki yote nilikuwa zamu."

"Na ile sehemu ya sufuria?"

"Si unanisimulia wewe kila tukila pamoja?"

Mimi, nisiyedanganywa. Mimi, ninayemjua mwigizaji hata akinipa kisogo. Goti kwa goti, taa kubwa inatumulika, na sikuona kitu. Kumbe alimeza mate kwa makusudi. Alijifuta mikono kwa makusudi. Alichagua jambo moja tu duniani lenye uwezo wa kunitoa uso wangu wa nyumbani, akalisema mbele ya bosi wake, bila mazoezi, na hakukosea hata pumzi.

"Tangu lini unaweza hivyo?" nikamuuliza.

"Tangu zamani. Sipendi watu wengi tu." Akajifuta macho. "Na uso wako, mama, niliusoma kabla sijajua kusoma kitabu."

Nilitaka kumkunjia uso, maana alistahili. Haukuja. Na hata ungekuwepo nadhani usingekuja, kwa jinsi nilivyojawa na fahari kiasi cha kushindwa kukaa sawasawa. Wanawake wa kwenye benchi walikuwa wanatoka, wananipongeza, mmoja akaniuliza ni nani aliyenitengeneza uso vizuri namna ile. Nikamwonyesha kwa kidevu. "Aliyechoma ni bosi wake," nikasema, "lakini aliyeujua uso ni huyu. Mwanangu."

Walipopita nikamgeukia. "Hebu rudia."

"Nini?"

"Ile ya kwenye kigoda. Yote, tangu mwanzo. Nataka kuitazama."

Akatazama huku na huku kama kuna watu, kisha akageuka, magoti yetu yakagusana. Akajifuta mikono kwenye sketi. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna pa kuficha kitu.

"Mama," akasema, "kuna jambo nimekuficha."

Niliutafuta uongo kwa jicho langu lote la miaka yote, nikiujua upo, nikijua hata mahali ulipo. Sikuuona. Nikampigia makofi palepale kwenye ngazi, peke yangu, kama ukumbi mzima.